Wanakuhezi chuoni? Fanya hivi kabla meseji hazijafutwa

Hezing ni yale mateso ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, mnaamshwa saa nane usiku mnapigishwa pushapu, mnanyweshwa pombe mpaka mtu anazima, halafu kesho yake wanakwambia si ulikubali mwenyewe? Hapo ndo wengi wananyamaza, wakati kukubali kwako mara nyingi hakuwaokoi. Ufaransa tangu 1998 sheria yao inasema kumfanyisha mtu mambo ya kumdhalilisha kwenye mazingira ya shule au chuo ni kosa hata kama aliridhia, jela hadi miezi sita na faini hadi yuro 7,500.

Sasa ushahidi. Grupu la WhatsApp likichangamka usiku piga skrinshoti hapo hapo, ukisubiri asubuhi utakuta wameshafuta. Na kama umemsevu mtu "Bro Mkubwa" hiyo skrinshoti peke yake haina nguvu, fungua profaili namba yake ionekane, na tarehe pia. Ukiumia nenda hospitali siku hiyo hiyo, mwambie daktari ukweli aandike (usiseme umeteleza bafuni jamani, ukishasema hivyo ndo kinachobaki kwenye faili).

Malalamiko yaende kwa maandishi, barua au imeili kwa mshauri wa wanafunzi, kopi ubaki nayo, maana ya mdomo kwenye korido yanayeyuka. Angalia pia kanuni za chuo zinawapa siku ngapi kujibu. India wamekaza, kanuni za 2009 za UGC, tume inayosimamia vyuo vikuu vya huko, zinamtaka mkuu wa chuo apeleke kesi polisi ndani ya saa 24 pale sheria ya jinai inapoguswa, na wahusika wasipojulikana adhabu inaweza kula kundi zima, kwa hiyo kufichana kule hakulipi.

Ukipigwa, ukishikwashikwa au ukinyang'anywa hela, polisi nenda mwenyewe, huombi ruhusa ya chuo. Kupiga mtu ni jinai hata kama nchi yenu haina sheria yenye neno hezing ndani yake.

Kwa mnaosoma Marekani, sheria iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo viweke hadharani ripoti ya vikundi vilivyokutwa na hatia ya hezing, iko kwenye tovuti ya chuo, isome kabla hujajiunga popote. Ukikuta jina la kikundi chako humo, tafuta kingine.