Somo: Kutabiri mwenendo wa saratani ya kichwa na shingo kwa picha za CT (soma yote ndipo uulize)

Wakuu, nimechoka kujibu swali hili hili kila mara, "nitumieje kompyuta kutabiri kutoka kwenye picha ya CT kama mgonjwa ataishi?", kwa hiyo nalijibu hapa. Atakayeuliza tena namwelekeza kwenye uzi huu.

1. Shusha data TCIA (hazina ya mtandaoni ya picha za saratani). Anzia na mkusanyo wa HN1 wa Maastricht, Uholanzi: wagonjwa 137, uvimbe tayari umechorewa mipaka. CT ya kichwa inaweza kujengwa upya hadi sura ya mtu ikaonekana, ndiyo maana makusanyo mengi ya kichwa yanadai fomu ya ruhusa. Jaza fomu, usitafute njia ya panya.

2. Fungua kila picha kwenye 3D Slicer (programu ya kutazama picha za tiba), uitazame kwa macho. Meno yaliyozibwa kwa madini hutupa mistari myeupe na myeusi inayokata ulimi na koo. Namba za wagonjwa hao ziandike pembeni.

3. Sawazisha vokseli (vichemraba vidogo vinavyounda picha), milimita 1 kila upande.

4. PyRadiomics (programu ya Python) ikutolee sifa za uvimbe, yaani namba za umbo, mng'ao na unamu (mng'ao ulivyopangika ndani ya uvimbe).

5. Tenga wagonjwa wa majaribio (wa kuijaribia modeli, yaani kanuni yako ya kutabiri) KABLA ya kuchagua sifa.

6. Pima ujazo wa uvimbe peke yake. Hapa ndipo wengi tunaponaswa, na mimi nimo. Mwaka 2014 mtafiti Aerts na wenzake walitoa modeli ya sifa 4, waliyoifunza kwa saratani ya mapafu na kuijaribu pia kwenye kichwa na shingo. Ikasifiwa sana. Mwaka 2019 kundi la Welch, Toronto, likachukua modeli hiyo na kuvuruga thamani za vokseli ndani ya uvimbe, zikawa vurugu tupu. Modeli ikaendelea kutabiri vilevile! Sifa 3 kati ya zile 4 zilikuwa zinafuata ujazo tu. Kwa hiyo:
– Usitangaze matokeo bila modeli ya ujazo pekee pembeni.
– Sifa inayopanda na kushuka pamoja na ujazo, itoe au ieleze.
– Vuruga vokseli zako, urudie. Matokeo yasipobadilika, unamu haujakusaidia chochote.

7. Pima kwa C-index, kipimo cha jinsi modeli inavyowapanga wagonjwa: 0.5 ni kubahatisha, 1 ni kupanga wagonjwa bila kosa. Linganisha na ujazo, hatua ya ugonjwa na HPV (virusi vinavyoleta baadhi ya saratani hizi).

MASWALI

Chapakazi: Mkuu, nimepata 0.97! Naandika makala?
– Wagonjwa wa majaribio uliwatenga lini?

Chapakazi: Baada ya kuchagua sifa, lakini haina shida, ni wale wale.
– Hatua ya 5.

Mama Nuru: Samahani mwalimu, HPV ina uzito gani hasa? Mimi ni wa mionzi, hesabu zinanipiga chenga.
– Karibu sana dada, wewe ndiye tunayekuhitaji. Kwa saratani ya koo nyuma ya ulimi na tonsili, HPV hubadili kila kitu. Jaribio la RTOG 0129 la Marekani, lililochapishwa 2010, lilikuta baada ya miaka 3 wenye HPV waliokuwa hai ni asilimia 82.4, wasio nayo 57.1. Modeli ya picha isiyoipita hiyo haimfai daktari. Ila usichanganye na saratani ya nyuma ya pua. Huko wa kutazamwa ni virusi vya Epstein-Barr.

Mama Nuru: Basi modeli iliyofunzwa kwa data ya Uholanzi siwezi kuileta kwa wagonjwa wangu hivi hivi?
– Hapana. Mashine nyingine, wagonjwa wengine. Ijaribu kwanza kwa picha zenu wenyewe, na wachoraji wawili wachore uvimbe ule ule bila kuonana. Sifa inayoyumba kati yao itupe.

Kobe_wa_Python: Nitumie kodi yako yote ya programu.
– Hapana.

Kobe_wa_Python: Roho mbaya tu.
– PyRadiomics ina mifano ya bure. Umeifungua?

Jirani: Nje ya mada kidogo: majina ya mipaka ya uvimbe kwenye faili yananitoa jasho. Huyu kauita GTV-1, yule gtvp, mwingine "tumor".
– Usiandike kodi ya kukisia. Orodhesha majina yote, kisha ulinganishe mwenyewe mstari kwa mstari. Na angalia tezi za shingo zisiingie kwenye uvimbe wa msingi. Ujazo utavimba bure.