Kumfuatilia babu wa Virginia ya zamani kupitia kodi na ardhi

Karatasi za sensa za 1790 na 1800 za Virginia, jimbo la Marekani, karibu zote zimepotea. Anayetafuta babu wa miaka hiyo aanze na orodha za kodi, zilizoanza 1782: moja ya mali, nyingine ya ardhi. Picha zake ziko kwenye tovuti ya FamilySearch bila malipo, na mikrofilamu (picha ndogo za kurasa) ziko Maktaba ya Virginia mjini Richmond. Hakikisha kwanza mipaka ya kaunti (wilaya ya jimbo) ilikuwaje mwaka ule. Kentucky yenyewe ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792.

Usiridhike na mwaka mmoja. Nakili kila mwenye jina la ukoo huo mwaka hadi mwaka, pamoja na farasi, ng'ombe na tarehe aliyoandikishwa. Walioandikishwa siku moja mara nyingi walikuwa majirani. Vijana wa kizungu wa miaka 16 hadi 21 kwa kawaida walihesabiwa chini ya baba bila kutajwa. Anayejitokeza kwa jina lake 1789 huenda alizaliwa karibu na 1768, au amehamia tu. Angalia kama hesabu ya vijana wa jirani wa ukoo huo imepungua mwaka huohuo. Waliotiwa utumwani walitozwa kodi kama mali, na katika miaka ya 1780 baadhi ya kaunti ziliwataja kwa majina. Kwa wazao wao mstari huo ni hazina; unakili wote, pamoja na jina la aliyewamiliki.

Linalopoteza muda na fedha zaidi ni watu wenye jina moja. Alama za Sr. (Senior) na Jr. (Junior) si lazima zimaanishe baba na mwana: huenda ni mkubwa na mdogo wa eneo hilo tu, na mkubwa akifa au kuhama, mdogo hupanda. Watenganishe kwa ekari, kijito kilichotajwa na jina la mke.

Ekari zikishuka kutoka 200 hadi 120, kuna uwezekano mkubwa 80 ziliuzwa. Pitia faharisi ya wauzaji na ya wanunuzi katika madaftari ya hati za ardhi ya kaunti, tena usonge mbele hata miaka 20, maana hati nyingi zilichelewa kusajiliwa. Warithi wakiuza pamoja, faharisi mara nyingi humtaja wa kwanza tu. Hati isipopatikana, fungua wosia na kesi za mirathi.

Ukiomba nakala kwa karani wa mahakama ya kaunti, uliza ada kwanza, kisha taja daftari, ukurasa, mwaka na majina ya pande zote mbili. Ombi la "kila kitu cha ukoo huu" halitafika mbali, kwa kuwa karani hafanyi utafiti wa nasaba. Omba na kurasa zinazofuata: ridhaa ya mke wa muuzaji kuachia haki yake ya ardhi mara nyingi huandikwa mbele kidogo, na huko jina lake huweza kupatikana.

Kaunti kadhaa zilipeleka madaftari Richmond yalindwe wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, yakaungua Aprili 1865. Lakini nakala za orodha za kodi zilizokwenda kwa mkaguzi wa jimbo zilinusurika. Katika orodha hizo za ardhi, soma maelezo ya mabadiliko ya umiliki neno kwa neno. Nani alipata ardhi kutoka kwa nani huenda pamebaki hapo tu.