Kwenda Oman wakati wa Ramadhani na Idi: namna ya kuipanga safari

Anayetaka kuwa Oman wakati wa Idi hulazimika kukata tiketi kabla siku yenyewe haijajulikana, kwa kuwa mwandamo wa mwezi hutangazwa usiku wa kuamkia Idi Ndogo, na siku kumi hivi tu kabla ya Idi Kubwa, na si lazima tangazo la Muscat lilingane na la Saudia. Mwaka 2025 Saudia ilisali Idi Ndogo Jumapili tarehe 30 Machi, ilhali Oman ilikamilisha siku 30 za funga na kusali Jumatatu. Mwaka wa Kiislamu nao ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku 10 au 11, kwa hiyo tarehe za mwaka uliopita hazisaidii. Jiachie nafasi ya siku mbili mwanzoni na mwishoni mwa safari, na ikiwezekana chukua tiketi inayokubali kubadilishwa.

Kwa amri ya Sultani ya mwaka 2022, mapumziko ya Idi Ndogo huanza tarehe 29 Ramadhani hadi tarehe 3 Mfunguo Mosi (Shawwal), na ya Idi Kubwa huanza tarehe 9 hadi 12 Mfunguo Tatu (Dhulhija). Kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko ya wiki, ofisi zinaweza kufungwa kwa zaidi ya wiki nzima. Shughuli yoyote inayohitaji muhuri wa serikali au dirisha la benki imalizwe mapema.

Wageni wengi hupanga kufika siku ya kwanza ya Idi, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapokosea. Asubuhi hiyo, baada ya sala, watu huingia majumbani kwa jamaa zao. Muscat hubaki kimya kwa sababu wakazi wake wengi wamekwenda kwenye miji ya asili yao, na mgeni asiye na mwenyeji hubaki akitazama maduka yaliyofungwa. Kilicho wazi kwa kila mtu ni habta, yaani masoko ya Idi yanayofanyika katika miji mbalimbali siku chache kabla ya sikukuu. La Nizwa ni rahisi kulifikia kutoka Muscat, kwa mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari. Fika alfajiri. Wenye mifugo huwazungusha mbuzi na ng'ombe huku wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi waliosimama kando humsimamisha mnyama, humfungua mdomo kutazama meno, humpapasa mgongo, kisha bei hupandishwa au mnyama huachiliwa aendelee na mzunguko. Pembeni huuzwa majambia, kofia, viungo vya nyama, vitu vya watoto na halua, ambayo Mzanzibari ataitambua kabla hajaionja. Saa nne asubuhi shughuli huwa inaelekea ukingoni. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa mwanamke.

Mwenye mwenyeji, na Waswahili wengi wanao, kwani familia zisizo chache za Oman zina mizizi Unguja, Pemba na Mombasa na bado huzungumza Kiswahili nyumbani, afike Idi yenyewe na asiondoke upesi. Katika sehemu nyingi mishkaki huchomwa siku ya pili, na shuwa hutolewa siku ya pili au ya tatu. Hii ni nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwa majani na kutiwa katika mfuko uliosukwa kwa makuti, kisha ikashushwa ndani ya shimo lenye makaa linalofunikwa kwa udongo, ambamo hukaa siku moja au mbili. Mara nyingi shimo ni la mtaa mzima, na kila familia huutia alama mfuko wake ili isichukue wa jirani. Kaa chini, kula kwa mkono wa kulia, na ukitosheka na kahawa tikisa kikombe kidogo unapokirudisha, la sivyo utaendelea kumiminiwa. Noti ndogondogo mpya za mkono wa Idi kwa watoto ziwe tayari mfukoni.

Kwa atakayefika ndani ya Ramadhani, jambo la kwanza ni sheria: kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela, na kujifungia ndani ya gari barabarani si faragha. Asiyefunga ale chumbani mwake au katika hoteli iliyoruhusiwa kuhudumia wageni mchana. Saa za kazi za Waislamu hupunguzwa kuwa sita kwa siku. Epuka kuwa barabarani nusu saa kabla ya Magharibi, maana kila dereva anakimbilia futari; baada ya Isha masoko huchangamka hadi usiku mwingi. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos hupokea wasio Waislamu asubuhi tu, isipokuwa Ijumaa, na mwanamke anatakiwa kujifunika nywele, mikono na miguu.

Sikukuu nyingine ni fupi: Mwaka Mpya wa Kiislamu, Maulidi, Miraji, na tarehe 11 Januari, siku aliyotawazwa Sultan Haitham mwaka 2020. Krismasi na Pasaka ni siku za kazi. Sikukuu ya Taifa, iliyozoeleka kuwa tarehe 18 Novemba, siku aliyozaliwa Sultan Qaboos, sasa ni tarehe 20, kukumbuka kuanza kwa utawala wa Albusaidi, ukoo wa masultani wa Oman, mwaka 1744. Hata hivyo, tarehe ya sikukuu na ya mapumziko zinaweza kuachana: mwaka 2025 mapumziko yake yalitolewa tarehe 26 na 27 Novemba ili yaungane na Ijumaa. Kwa hiyo subiri tangazo la serikali kabla ya kulipia hoteli isiyorudisha fedha.