Kila baiskeli na mfuko wake

Ukishakuwa na baiskeli ya kazini, ya matembezi ya siku moja na ya safari ndefu, kinachosumbua ni vifaa kuhamahama. Niliwahi kupata pancha mbali na nyumbani, nikapapasa chini ya kiti, patupu. Mfuko wa viraka na pampu nilikuwa nimeuacha kwenye baiskeli ya kazini. Nikasukuma, jua la utosi.

Sasa kila moja ina mfuko wake usiohamishwa: tyubu, viraka, vibanduzi vya tairi na pampu ndogo. Tyubu usinunue kwa kukisia. Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 37-622. Hiyo 37 ni upana wa tairi kwa milimita, na 622 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Tairi la 559 halikai kwenye rimu hiyo hata ulilazimishe vipi. Angalia valvu pia: ile nene haipiti kwenye tundu la rimu lililotobolewa kwa ajili ya nyembamba.

Kiti nacho. Chukua baiskeli isiyokuumiza magoti, pima kutoka katikati ya ekseli ya pedali, pedali ikiwa chini kabisa, hadi juu ya kiti, andika, kisha anzia kipimo hicho kwenye nyingine. (Mimi nimekiandika ukutani kwa chaki.)

Na ile ya safari inayokaa miezi bila kuguswa, ijaze upepo usiku wa kuamkia safari. Tyubu hupoteza upepo polepole hata bila pancha, lakini ukiikuta imelala tena asubuhi, hapo kuna tundu au valvu inavuja.