SOMO: Kuendesha zoezi la dharura ya baharini kwa njia ya mtandao

Wakuu, swali la namna ya kuendesha zoezi la dharura ya baharini kwa mtandao limerudi tena, na nimechoka kulijibu vipande vipande. Naliweka lote hapa kwa ajili ya watu wa vituo vya uratibu wa uokoaji, mamlaka za bandari, walinzi wa pwani na timu za kudhibiti mafuta yanayomwagika.

Zoezi la mtandaoni halipimi boti wala mikono. Linapima habari: nani alijua nini, saa ngapi, akamwambia nani, nani akaamua. Mengine yote yanatoka hapo.

1. Weka malengo matatu, yasizidi. "Kuboresha ushirikiano" si lengo. "Kituo kiijulishe bandari ndani ya dakika 15 tangu simu ya kwanza" ndilo lengo, kwa sababu linapimika.

2. Andika kisa: meli moja ya kubuni, nafasi yake, hali ya hewa, idadi ya watu.

3. Tengeneza jedwali la vichocheo, yaani habari utakazokuwa unawarushia washiriki. Kila mstari uonyeshe saa, mpokeaji, njia ya kumfikia na hatua unayoitarajia. Habari zipingane kidogo. Usiku wa 13 Januari 2012, Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, walinzi wa pwani waliambiwa na meli kwamba umeme umekatika tu. Dalili kwamba hali ni mbaya zaidi zilitoka nchi kavu, kwa jamaa za abiria waliopigiwa simu kutoka melini. Amri ya kuacha meli ilitoka zaidi ya saa moja baada ya kugonga, na watu 32 walikufa. Kwa hiyo mpe mtu wa zamu nahodha anayesema "tuko salama" na ndugu wa abiria anayelia kwenye simu, kisha uone anamfuata nani.

4. Gawa vyumba. Mazoezi mengi hufia hapa. Watu huwekwa wote kwenye mkutano mmoja wa video, bandari inamsikia nahodha akiongea na kituo, na hakuna anayelazimika kumwambia mwenzake chochote. Mwishoni kila mtu anasifu ushirikiano ambao haukupimwa hata kidogo. Kila shirika liwe na chumba chake. Kati ya chumba na chumba pasiwe na njia isipokuwa zile za siku ya kweli: simu, barua pepe, na chumba kimoja cha sauti kinachosimama badala ya chaneli 16, ile ya redio ya kuitana na kuomba msaada baharini. Waendeshaji wakae chumba chao na kuigiza wote walio nje ya zoezi: nahodha, jamaa, mwandishi wa habari.

Tahadhari, na hizi hazina mjadala:

Kila ujumbe uanze na kuisha kwa ZOEZI ZOEZI ZOEZI. Nimeshuhudia barua pepe ikisambazwa bila mstari wake wa kwanza, ikamfikia mtu wa zamu asiyehusika, naye akaanza kuita boti ya kweli.

Msiguse mitambo halisi: si kitufe cha dharura cha redio, si boya la 406 MHz linalotuma ishara ya dharura kwa setilaiti. Setilaiti haijui kwamba mnafanya mazoezi.

Chagueni neno la kusitisha iwapo dharura ya kweli itatokea. Lisiwe "si zoezi", maana laini ikikatika herufi mbili, linabaki "zoezi". HALISI linatosha.

Aliye zamu ya kweli saa hiyo asishiriki.

5. Saa iwe moja kwa vyumba vyote: UTC, yaani saa ya kimataifa. Ukiruka muda wa kisa, tangaza kila chumba.

6. Jaribuni sauti na viungo siku moja kabla.

7. Kila chumba kiwe na mtathmini mmoja. Anaandika, hasemi.

8. Zoezi likiisha, kabla watu hawajatawanyika, kila chumba kisome kwa sauti kumbukumbu zake na saa zake. Tofauti za saa ndizo ripoti yenu. Kila pengo lipewe mtu na tarehe.

MASWALI

Mkondo: Mkuu naomba kisa kilicho tayari, zoezi letu ni kesho.

Jibu: Malengo yenu ni yapi? Kama hayapo, ahirisheni.

Nanga: Kwa nini tusitumie mkutano mmoja tu? Ni rahisi.

Jibu: Hatua ya 4.

Nanga: Nimeisoma. Lakini sisi tuko sita tu.

Jibu: Sita kutoka mashirika mangapi? Yakiwa mawili, ni vyumba viwili na cha waendeshaji. Sikuandika kwamba inategemea idadi ya watu.

Kusi: Shikamoo mkuu. Mimi ni afisa usalama wa bandari. Zoezi la mezani kama hili linakubalika kwa upande wa ISPS, kanuni ya kimataifa ya ulinzi wa meli na bandari?

Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Sehemu B ya kanuni ile inataka zoezi kubwa angalau mara moja kila mwaka, na kati ya moja na jingine isipite miezi 18. Inataja wazi kwamba linaweza kuwa la uwanjani, la mezani, au kuunganishwa na mazoezi mengine ya dharura. Lakini yale madogo ya kila miezi mitatu ni jambo lingine, usiyachanganye. Tunza jedwali la vichocheo na kumbukumbu za vyumba, mkaguzi atavihitaji. Na thibitisha na mamlaka yako, kwa sababu nchi huongeza masharti.

Tanga: Na lile la kila mwezi melini, la kuacha meli?

Jibu: Hapana. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inamtaka kila baharia ashiriki mwenyewe, na la moto vilevile. Boti ya kuokolea haishushwi kwa kompyuta.

Kusi: Ramani je? Tuweke moja ya pamoja kwenye skrini?

Jibu: Kila chumba kichore yake. Ukiwawekea ya pamoja umewafichia kosa.

Demani: Naongezea hapo. Angalieni namna ya kutaja nafasi. Latitudo ya dakika 30.5 ikiandikwa kama dakika 30 na sekunde 5, umeisogeza meli takriban mita 770. Sisi tunaingiza nafasi moja ya dakika na desimali, nyingine ya sekunde, makusudi.

Jibu: Naichukua hiyo, naiweka kwenye hatua ya 3. Ahsante sana Demani.