Umeokota sarafu za kale za Kihispania pwani ya Uingereza? Jinsi ya kuziripoti na kuomba haki yako

Dhoruba za majira ya baridi zikishapita, fukwe za Cornwall, kusini-magharibi mwa England, na visiwa vya Scilly hutapika fedha. Mchanga unachotwa, mwamba unabaki mtupu, na mwenye kigundua chuma, au hata mtu anayetembeza mbwa, anaokota kipande cheusi kizito chenye msalaba upande mmoja. Mara nyingi ni reale nane, sarafu ya fedha ya Uhispania iliyokuwa ikipokelewa karibu kila bandari ya dunia kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Watu wengi huona kuokota ndiyo kazi na kuripoti ni hiari, jambo ambalo limewagharimu wengi. Kuokota kwa bahati, mahali unaporuhusiwa kuwa, si kosa. Makosa ni kukaa kimya, kuficha, na kudanganya kuhusu mahali ulipookota. Ukijua hilo mapema, sehemu kubwa ya hatari ya kisheria inakuondokea.

Kwanza kabisa: maji yalifika hapo au hayakufika?

Sarafu mbili zinazofanana kabisa zinaweza kuwa chini ya sheria mbili tofauti, kwa ofisi mbili tofauti, na kwa muda tofauti wa kuripoti. Kinachoamua ni zilitoka wapi.

Ikiwa sarafu ilitoka kwenye meli na umeiokota baharini, ufuoni, au kwenye mto unaojaa na kupwa, basi ni mali ya mabaki ya meli chini ya Merchant Shipping Act ya 1995. Unairipoti kwa ofisi iitwayo Receiver of Wreck, iliyo chini ya Maritime and Coastguard Agency mjini Southampton, ndani ya siku 28.

Ikiwa umeichimbua shambani, msituni au kwenye kiwanja, na haina uhusiano na meli iliyozama, unaangalia Treasure Act ya 1996. Hapo muda ni siku 14 tangu uokote, au tangu utambue kuwa huenda ni hazina, na taarifa inakwenda kwa coroner, ofisa yule yule anayechunguza vifo vya ghafla. Sheria hii yenyewe inasema kuwa mali ya meli iliyozama si hazina, kwa hiyo huwezi kuchagua ofisi unayoipenda. Ukibaki na shaka, mathalani umeokota juu kidogo ya alama ya maji ya bamvua, wasiliana na ofisi zote mbili kwa maandishi ndani ya siku 14. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kuripoti mara mbili.

Hayo ni ya England na Wales. Uskoti, kitu chochote cha kale kilichookotwa nchi kavu ni cha Taji (yaani ufalme), kiwe cha dhahabu au cha udongo, na kinaripotiwa Treasure Trove Unit mjini Edinburgh. Ireland ya Kaskazini ni kali zaidi: kuchimba ukitafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa hata kama hukupata kitu. Sheria ya meli, ile ya siku 28, inatumika Uingereza nzima.

Kabla hujainua chochote

Simama. Piga picha sarafu ikiwa pale pale ilipo, weka kitu cha kupimia pembeni yake, kisha chukua nukta ya mahali kwa simu. Iandike kwa digrii za desimali, tarakimu tano baada ya nukta ya desimali. Hizo hufika karibu mita moja. Tarakimu mbili peke yake hukuacha na kosa la takriban kilomita nzima. Angalia pia alama ya kutoa. Fukwe za Cornwall ziko magharibi ya Greenwich, kwa hiyo Gunwalloe ni 50.04 na kutoa 5.27. Ukisahau ile alama, fomu yako itaonyesha kuwa umeokota reale ya Mexico katika misitu ya Ubelgiji, nawe utapoteza wiki kadhaa ukijibu barua.

Hakikisha pia kwamba una haki ya kuwa hapo na kigundua chuma chako. Takriban nusu ya fukwe za England ziko chini ya Crown Estate, taasisi inayosimamia ardhi ya Taji. Nyingine ni za Duchy of Cornwall (milki ya mrithi wa ufalme), shirika la uhifadhi la National Trust, halmashauri au watu binafsi, na kila mmoja ana masharti yake. Kutumia kigundua chuma bila kibali kwenye eneo la kumbukumbu za kale lililoorodheshwa ni kosa la jinai kwa sheria ya 1979.

Kwa wazamiaji kuna jambo zito zaidi. Baadhi ya mabaki ya meli yamezungushiwa eneo la ulinzi chini ya Protection of Wrecks Act ya 1973, na kuzamia humo bila leseni ni kosa, hata ukirudi juu mikono mitupu. Rill Cove, karibu na rasi ya Lizard huko Cornwall, palipopatikana sarafu za fedha za Kihispania, pamelindwa tangu 1976. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu. Meli ya kivita Association ilizama Scilly tarehe 22 Oktoba 1707 ikiwa na sarafu nyingi, zikiwemo za Kihispania. Mwaka 1967 ilipopatikana, wazamiaji waliivamia, wengine kwa baruti, na kumbukumbu iliyokuwa imelala salama kwa miaka 260 ikavurugwa kwa misimu michache. Nukta za maeneo yote yanayolindwa England zimo katika orodha ya Historic England, taasisi ya kulinda kumbukumbu za kale. Zisome kabla ya kuvaa mtungi wa hewa. Ukitaka kunyanyua vitu kutoka chini ya bahari kwa winchi au kreni ya boti, utahitaji pia leseni ya bahari kutoka Marine Management Organisation.

Kuihifadhi wakati unasubiri

Usiisafishe. Fedha iliyolala baharini imeingiliwa na chumvi, na ikikauka haraka chumvi hiyo huganda kuwa fuwele na kuibandua ngozi ya sarafu, pamoja na herufi zote ulizohitaji kuzisoma. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, ukiijaza maji ya bahari ya pale pale, mahali penye giza na ubaridi. Ndimu, siki, dawa ya meno na brashi ya waya ni marufuku. Sarafu zikiwa zimegandamana kwenye bonge, liache lilivyo: maabara italipiga eksirei na kuhesabu zilizomo bila kulivunja. Dhahabu haina tabu hiyo, lakini nayo usiisugue.

Kujaza fomu ya Receiver of Wreck

Taarifa hutolewa bure, kupitia tovuti ya serikali, gov.uk. Fomu ya karatasi inajulikana kama MSF 6200. Wataalamu hawahitajiki, ila usahihi unahitajika. Utaulizwa jina na anwani yako, tarehe ya kuokota, nukta ya mahali, kama ni ufuoni, juu ya maji au chini ya bahari, kina ikiwa ulizamia, jina la meli kama linajulikana, vitu vyenyewe kimoja kimoja na picha zake, mahali unapovihifadhi, na kama unadai malipo ya uokoaji, yaani malipo ya aliyeokoa mali ya meli.

Sehemu ya maelezo ndiyo inayoharibiwa na wengi. “Sarafu ya zamani ya fedha” haimsaidii ofisa. Andika namna hii: sarafu 1 ya fedha, isiyo duara kamili, milimita 36 kwa 33, gramu 24.6, upande mmoja msalaba wenye simba na ngome katika pembe zake, upande wa pili ngao, herufi P kushoto kwa ngao, tarehe haisomeki. Reale nane mpya ilikuwa na takriban gramu 27, kwa hiyo uzito wako unaonyesha bahari imekula kiasi gani. Herufi ni alama ya kiwanda cha kupigia sarafu: P ni Potosí, M yenye o ndogo juu yake ni Mexico, L ni Lima, S ni Sevilla. Kuanzia 1732 Mexico ilianza kupiga kwa mashine sarafu zilizo duara kamili, zenye nguzo mbili na tufe mbili za dunia katikati. Kama hujui, andika unachokiona, usibuni. Mshono mwembamba ukizunguka ukingo ni dalili ya sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu. Hilo nalo litaje.

Usiandike kwamba meli ilikuwa ya Kihispania kwa sababu tu sarafu ni za Kihispania. Hollandia, iliyozama Scilly mwaka 1743 na shehena kubwa ya fedha ya Mexico, ilikuwa meli ya VOC, kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Asia. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa mwenye haki ya kudai hutafutwa kwa meli, si kwa sura ya mfalme aliye kwenye sarafu. Mabaki ya meli za VOC hudaiwa na serikali ya Uholanzi. Uhispania nayo haijasahau meli zake za kivita: kampuni ya Marekani ilipochukua karibu tani 17 za sarafu mwaka 2007 kutoka kwenye mabaki ya Nuestra Señora de las Mercedes, iliyozamishwa na Waingereza mwaka 1804, mahakama za Marekani ziliamuru zirudishwe, na mwaka 2012 zilipakiwa kwenye ndege za kijeshi kwenda Madrid. Wale waliozitoa chini ya bahari hawakupewa hata moja.

Kudai malipo ya uokoaji ni haki yako. Jibu “ndiyo” kama uliingia gharama, ulitumia ujuzi au ulijiweka hatarini, na uambatishe risiti za boti na mafuta. Aliyeokota sarafu moja akitembea ufuoni asitarajie makubwa.

Baada ya kutuma

Kwa kawaida utaruhusiwa kukaa na sarafu nyumbani huku ofisi ikimtafuta mwenye mali. Si zako bado. Usiziuze, usimpe mtu zawadi, usizipeleke kwa sonara. Mwenye mali ana mwaka mmoja wa kujitokeza na kuthibitisha. Asipopatikana, mali iliyotoka ndani ya maili 12 za bahari ya Uingereza ni ya Taji, na mara nyingi muokotaji huachiwa sarafu zenyewe badala ya malipo ya uokoaji, hasa kama hakuna jumba la makumbusho linalozihitaji. Mali iliyotoka nje ya maili hizo, isipodaiwa na mtu, kwa kawaida hurudishwa kwa aliyeileta.

Tofauti hiyo ya maili imewashawishi watu kusogeza nukta kwenye fomu. Mzamiaji mmoja wa Kent aliripoti mizinga ya shaba akisema ameitoa nje ya bahari ya Uingereza, akarudishiwa, akaiuza Marekani. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilitoka kwenye meli London, iliyolipuka mlangoni mwa mto Thames mwaka 1665. Mwaka 2015 alifungwa miaka 2.

Asiyeripoti kabisa anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500, anapoteza dai lake la uokoaji, na anawajibika kumlipa mwenye mali mara mbili ya thamani yake. Adhabu hiyo ya mwisho ndiyo inayouma, kwa maana sarafu adimu ya dhahabu huizidi faini mara nyingi. Kuichukua mali hiyo na kuiuza katika bandari ya nje ni kosa jingine, lenye kifungo cha hadi miaka 5.

Kama zilitoka ardhini

Sarafu moja peke yake kwa kawaida si hazina. Mbili au zaidi kutoka mahali pamoja, zenye angalau asilimia 10 ya fedha au dhahabu na umri wa miaka 300, ni hazina. Kwa hiyo zile za nguzo mbili, za 1732 na kuendelea, bado hazijatimiza umri kwa kanuni hii, ingawa tangu Julai 2023 kitu cha metali chenye zaidi ya miaka 200 na umuhimu wa pekee kinaweza kuhesabiwa. Mwone Finds Liaison Officer wa eneo lako, ofisa wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na umma. Atapokea, atakupa risiti na kumjulisha coroner. Makumbusho yakizitaka, kamati hupanga thamani, na malipo kwa desturi hugawanywa nusu kwa nusu kati yako na mwenye shamba. Pata ruhusa yake kwa maandishi kabla ya kuchimba, maana aliyevamia anaweza kunyimwa yote.

Kunyamaza huku nako kuna kifungo cha hadi miezi 3, na hicho ni cha kutoripoti tu. Wizi ukiongezeka, hesabu inabadilika: mwaka 2019 mahakama ya Worcester iliwahukumu watafutaji wawili waliouza kimyakimya sarafu za enzi za Waviking miaka 10 na miaka 8 na nusu, kabla ya vifungo hivyo kupunguzwa kwenye rufaa.

Ukishaachiwa sarafu

Tunza barua ya uamuzi pamoja na sarafu. Nyumba za mnada zitaiomba, na bila hiyo bei huanguka. Na kama unafikiria kuzipeleka kwa ndugu Mombasa au kwa mnunuzi Muscat, omba kwanza leseni ya kusafirisha nje kutoka Arts Council England. Kitu cha kiakiolojia kilichotoka kwenye ardhi au bahari ya Uingereza, chenye zaidi ya miaka 50, kinahitaji leseni hata kama thamani yake ni ndogo. Maombi hujazwa kabla ya safari, na barua ya Receiver of Wreck au ya coroner huambatishwa kuthibitisha umiliki.