Krismasi ya kwanza bila mama: namna ya kwenda nyumbani Desemba ukiwa bado na msiba

Kama mlizika mwaka huu na sasa Desemba imeingia, grupu la familia limeshaanza kuulizana nani anapanda lini na wewe unasoma meseji unaweka simu chini bila kujibu, basi haya ni kwa ajili yako. Nimeandika nikiwafikiria zaidi watu wa Kilimanjaro kwa sababu huko ndo kwetu, na kwetu Krismasi ni kurudi nyumbani, sio kula wali na kuku Dar es Salaam. Na nyumbani ndo kwenye kaburi lenyewe. Lipo pale kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba, hatua chache tu kutoka mlangoni, ukienda jikoni unaliona, ukienda kukata majani ya mbuzi unaliona, wageni wakikaa nje na vinywaji vyao wanaliona. Hakuna namna ya kusema sikukuu hii tusahau kidogo. Wengi wanaona hilo ni gumu, mimi naona linasaidia.

Maana kinachoharibu sikukuu ya wafiwa mara nyingi sio machozi. Ni kila mtu kujibana asilie mbele ya mwenzake, nyumba nzima inapoa, watoto wanaambiwa wasipige kelele, mpaka usiku mtu mmoja anapasuka akiwa ameshakunywa na yanatoka maneno ambayo yangebaki tumboni. Kwahiyo huzuni ipewe siku yake na saa yake inayojulikana, iingie kwenye ratiba kama mnavyoingiza mbuzi na kreti za soda, alafu muda unaobaki mtu akicheka acheke bila kuangaliwa. Hilo ndo kubwa, mengine yote hapa chini ni namna ya kulifanya.

Kabla hujapanda basi

Amua kwanza kama unaenda. Kuna ambaye mwaka huu kweli hawezi, labda ndo aliyemuuguza miezi yote ile na akifikiria kile chumba pumzi inakata, huyo asilazimishwe na asisemwe. Ila akae na watu huko aliko, sio kujifungia ndani tarehe 25 anaangalia picha kwenye simu. Kwa wengine wote mimi nasema nenda, hata kwa siku chache, hasa kama kuna mzazi aliyebaki. Baba aliyekaa na mke miaka arobaini na kitu hawezi kukwambia "njooni, nimebaki mpweke", atasema "kama mna kazi sio lazima", na nyie msiichukue hiyo kama jibu.

Alafu kaeni na karatasi, hata kama ni kwa simu ya pamoja, muandike kazi zote za sikukuu ambazo marehemu alikuwa anazifanya yeye. Andikeni hata zile ndogo. Nani alikuwa anachagua mbuzi, nani anaweka mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, nani anajua yule mzee hali chumvi, nani anabeba sahani ya chakula kwenda kwa jirani mgonjwa, nani anawapa watoto hela ya soda, nani anaita watu kusali kabla ya kula. Mkimaliza mtashangaa orodha ilivyo ndefu, na hapo mtaelewa kwanini wengi wanafika tarehe 25 hawajui hata pa kuanzia. Zigaweni: hii ya dada, hii ya shemeji, hii tunamlipa mtu, na hii mwaka huu tunaiacha. Kuziacha kadhaa ni sawa kabisa, hakuna sheria kwamba lazima kuwe na mtori na machalari na kiburu na pilau na keki kwa siku moja kisa mama aliweza.

Chukua mbege uone ninachosema. Hiyo sio kitu cha kukumbuka tarehe 23. Ndizi zinaivishwa, zinachemshwa masaa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, pembeni kuna ulezi uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa, unapikwa uji wake unachanganywa, na kuna msesewa, gome la mti, wa kuleta ule uchungu. Vipimo mama alikuwa navyo mkononi, hajaandika popote. Kama mnataka mbege ya nyumbani ipatikane, mtafuteni mapema shangazi au mama mdogo aliyekuwa anapika naye, mmoja wenu awahi kupanda akae naye siku zile zote ashike kazi, aoneshwe. Kukaa jikoni na mtu aliyemjua mama tangu ni msichana, mkono uko kwenye kazi na stori zinatoka zenyewe, hiyo inatuliza kuliko pole za kwenye simu, nawaambia kweli. Kama hamna wa kufanya hivyo nunueni kwa jirani anayepika vizuri na msione aibu.

Kuna na suala la simu yake. Kabla Desemba haijaisha, mtu mmoja akae na simu ya marehemu au na grupu la WhatsApp, atoe voisi zote na video alizowahi kutuma, azihifadhi sehemu 2 tofauti na kuwatumia ndugu. Laini ikikaa miezi bila kutumika kampuni inaifunga na baadae namba inaweza kupewa mtu mwingine kabisa, sasa siku unampigia mama kwa kujisahau anapokea kijana usiyemjua, inauma vibaya. Wapo wanaoweka vocha kidogo kidogo ili laini iwe hai, na hiyo ni njia.

Njiani

Watu hawakwambii kwamba safari ndo inaweza kukuvunja kuliko hata kufika. Kutoka stendi ya Mbezi mpaka Segera uko sawa, unapiga stori, Korogwe mnakula, Mombo mnapita. Ukianza kuitafuta Same ndo mwili unakumbuka, kwa sababu hapo ndo simu ilikuwa inaita, "mmefika wapi", alafu Mwanga inaita tena, alafu Himo, "mshukie pale nimemtuma mtoto awapokee mizigo". Mwaka huu haiiti. Nimeona mwanaume mzima analia kwenye siti ya basi watu wakidhani anaumwa.

Kwahiyo panga kabla. Mwambie mtu mmoja nyumbani, baba au kaka au shangazi, awe ndo wa kupiga hizo simu, na mwambie kabisa kwamba unahitaji hivyo. Unaweza ukaona ni kitu cha kitoto ila sauti ya mtu anayekungoja ina kazi yake. Pandeni basi moja na ndugu kama inawezekana, na tiketi mkate mapema maana Desemba nafasi za kwenda Moshi zinaisha na ukichelewa utajikuta unahangaika na nauli zilizopandishwa, peke yako na mawazo yako. Ukifika usikimbilie chumbani. Nenda kaburini kwanza na begi lako, msalimie, mwambie umefika, alafu ndo uingie ndani. Ukilipita kana kwamba hulioni utakuwa unalikwepa siku zote ulizoenda kukaa.

Tarehe 24 iwe ya kwake

Mimi naipenda tarehe 24 asubuhi kwa kazi hii. Wengi wameshafika, wageni wa nje bado, pombe bado. Wote waliopo watoke, wakubwa kwa watoto, mkalisafishe kaburi. Ng'oeni majani, fagieni, masale, ile mimea ya heshima kwetu, yaliyokauka yatolewe mpande mengine, kama kuna maua mwagilieni. Kazi ya mikono inampa kila mtu sababu ya kuwa pale, hata yule asiyejua kusema kitu. Mkimaliza imbeni wimbo aliokuwa anaupenda, mtu asali, na kila anayetaka aseme neno moja kuhusu marehemu, asiyetaka aachwe. Lieni. Hapo ndo mahali pake na saa yake. Kama nyie ni Wakatoliki pelekeni nia ya misa ofisi ya parokia siku kadhaa kabla, msisubiri dakika ya mwisho maana Desemba nia ni nyingi, na kama ni Walutheri wa KKKT mwambieni mchungaji au mwinjilisti wa mtaa mapema, ratiba zao za sikukuu zinabana.

Baada ya hapo mkanawe, mkale.

Siku yenyewe

Kwenye mbuzi kuwa makini, wengi hawalifikirii hili. Kwetu kila kipande kina mwenyewe, na wazee wanajua. Sasa ikifika pale mchinjaji ameshika kipande ambacho kila mwaka kilikuwa kinaenda kwa marehemu na hakuna aliyesema kinaenda wapi, mikono inasimama, watu wote wanatazamana, na kuanzia hapo siku imeharibika. Amueni kabla. Ongeeni na mzee wa familia awaambie kwa mila yenu kinakwenda kwa nani, na huyo anayepokea aambiwe usiku wa kuamkia ili asishtukizwe mbele za watu. Na kiti chake pale mezani, kama mnakiacha wazi au baba anahamia au mjukuu anakaa, vyovyote ni sawa mradi mmekubaliana.

Wageni watakuja na maneno. "Jikazeni." "Mungu kampenda zaidi." "Angalau kafa kazeeka." Wanasema kwa upendo hawajui waseme nini. Usibishane nao siku ya Krismasi, waambie "asante, karibu ukae", alafu waulize wanamkumbuka kwa lipi. Hapo utasikia mambo ambayo hukuwahi kuyajua, kwamba mama aliwahi kumlipia fulani ada, aliwahi kumfukuza mwizi wa ndizi na mwiko, watu watacheka na wewe utacheka, na ukicheka usijikamate. Hujamsahau.

Pombe niseme tu wazi: mbege na bia za kukaa na watu ni sawa kwa wanaokunywa, ila zile kali za kunywa peke yako nyuma ya nyumba zinaongeza huzuni usiku ule ule. Kama unamjua ndugu yako mwenye tabia hiyo mpe kazi ya kuchoma nyama, awe katikati ya watu.

Watoto. Tafadhali msiwaambie bibi "amesafiri". Desemba ndo mwezi ambao kila aliyesafiri anarudi, mtoto atakaa getini anaangalia kila gari linaloshusha watu, akitegemea na bibi atashuka. Mwambieni bibi amekufa, amezikwa pale, harudi, na tunampenda. Ataelewa kwa kiasi chake. Atauliza swali moja gumu alafu dakika hiyo hiyo anakimbilia baiskeli, hiyo ndo namna yao ya kuomboleza, kidogo kidogo, msimwone hana moyo. Nguo za sikukuu wanunulieni kama kawaida.

Mirathi na kaburi

Najua Desemba ndo ndugu wote wako pamoja kwahiyo kila familia inasema tumalizie hapo hapo kikao cha ukoo, maana mahakama ya mwanzo mara nyingi inataka muhtasari wa kikao kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi. Ni kweli na msiache kufanya. Ila sio tarehe 25, na sio 26 mezani huku wengine bado wanatafuna. Tangazeni siku, mfano tarehe 28 saa 4 asubuhi, na mtu yeyote akianzisha habari za shamba kabla ya hapo aambiwe kwa upole, "hiyo ya tarehe 28". Vivyo hivyo mchango wa kujengea kaburi na kuweka marumaru, nayo muisogeze huko. Na kama mwaka huu hela hamna, kaburi la udongo lililofagiwa vizuri halina aibu.

Mkishaondoka

Hapa ndo naomba msome mara mbili. Wiki ya sikukuu nyumba imejaa, alafu kuanzia tarehe 2 mwezi wa kwanza stendi inafurika, watu wanarudi makazini, watoto shule zinakaribia, na baba anabaki na sufuria zilizorudishwa mahali sio pake na kimya. Kwa mfiwa, wiki hiyo ni mbaya kuliko Krismasi. Asiondoke kila mtu siku moja. Mmoja abaki wiki nzima, ambaye likizo yake inaruhusu au mjukuu anayesubiri matokeo, na kabla ya kuondoka mgawane siku za kumpigia, wa Jumatatu ajulikane, wa Jumanne ajulikane, sio wote mnapiga Jumapili alafu siku 6 simu haiiti.

Na mumwangalie yeye na mjiangalie nyie. Kulia, kuota, kukosa hamu siku mbili tatu, huo ni msiba unafanya kazi yake. Ila mtu akipitisha zaidi ya wiki 2 halali, hali, haogi, anajilaumu kwa kifo ambacho hakukisababisha, au anaanza kusema bora angekufa yeye, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika. Mpelekeni hospitali, waambieni mnataka huduma ya afya ya akili, na aliyetamka habari ya kutaka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mchungaji au padri aendelee kuja kumuombea, na dawa na ushauri wa hospitali viendelee pia, vinakwenda pamoja.